Pesa ya Mkate

Kiseke, Mwanza
12 Februari 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba lile goti limepungua kuvimba. Sisi hapa ni wazima. Evelina ameingia darasa la sita, Pius ameng'oka jino la mbele na analitembeza kwenye kiberiti kumwonyesha kila mtu. Mashimba naye ni mzima. Kazi za injini za boti pale Kirumba zimekuwa nyingi tangu mwaka uanze.

Najua utashangaa kuona barua siku hizi za simu. Simu yangu Mashimba huichukua akirudi kazini, anasoma kila kitu, hata salamu za jumuiya. Rose, jirani yako anayeuza dagaa Mwaloni, anakuja huko Kahangara kila mwisho wa wiki, nimemwomba awe ananibebea. Si kwamba nina siri kubwa. Nina siri ya mkate.

Ile familia ya Isamilo niliyokuwa nawafulia wamehama nchi. Wakati wa kugawa vitu wenzangu walikimbilia friji na magodoro. Mimi nikasema nataka mashine ya mikate iliyokuwa kabatini, maana hakuna aliyeitazama. Ni kama ndoo nyeupe yenye mfuniko wa kioo. Unaweka maji, unga, hamira, chumvi, sukari na mafuta kidogo, unabonyeza, inakanda yenyewe, inauacha unga uumuke, halafu inauoka humo humo. Baada ya saa tatu na nusu inalia kama kifaranga. Mkate wangu wa kwanza ulitoka umebonyea kama kofia iliyokaliwa, nilizidisha maji. Wa pili ulikataa kuumuka, hamira ilikuwa ya zamani. Wa tatu, mama, watoto waliula mtupu bila kusubiri chai.

Sasa nikuulize. Mashimba huniachia kila asubuhi elfu tatu na mia tano ya mikate miwili. Nikioka mwenyewe, unga, hamira na umeme vyote havifiki elfu mbili. Inayobaki naiweka kwenye kopo la hamira, nataka Evelina asome bweni akimaliza la saba. Mashimba anajua naoka, tena anasifia, ila hajauliza gharama nami sijamwambia. Je, nimekosea? Wewe ni mwalimu, niambie.

Samahani kwa mwandiko. Bega la kulia linanisumbua, nilijigonga mlangoni.

Ni mimi mkweo,
Prudencia


Kahangara, Magu
26 Februari 2023

Mwanangu Prudencia,

Milele amina, na marahaba. Goti linakwenda kwa hali ya hewa, leo lipo vizuri. Wajukuu wabusu. Mwambie Pius jino alitupe juu ya paa kama wenzake, litaoza ndani ya kiberiti.

Kipande cha mkate ulichompa Rose kilifika kimelaliwa na ndoo ya dagaa, lakini nilikila chote. Kinahitaji chumvi zaidi. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeona makosa mawili tu ya herufi, hongera.

Kuhusu pesa, mwambie. Mwite siku akiwa na furaha, ameshiba, umweleze na umwonyeshe kopo. Pesa ya mume ukiificha, siku akiikuta itakuwa na jina lingine. Akiona ni kwa ajili ya mtoto atafurahi. Mashimba ni mwanangu, namjua.

Kuhusu bega. Niliishi na marehemu Ngosha miaka thelathini na moja katika nyumba yenye mlango kama huo. Ushauri wangu ni ule niliopewa na mama yangu: usimjibu akikasirika, weka chakula mapema, na usali. Ngosha aliacha alipofika miaka hamsini, nguvu zilipopungua. Mashimba naye atatulia.

Mama yako,
Bernadeta


Kiseke
4 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Watoto wanaendelea vizuri. Mimi si mzima, na mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Evelina alitaka kuniandikia nikamkatalia. Aliyoyaona yanamtosha.

Nilifanya ulivyosema. Nilisubiri Jumamosi moja ya Mei, amerudi mchana na sangara mnono na moyo mweupe. Alikula, akajinyoosha. Nikamweleza taratibu jinsi mkate wa nyumbani unavyookoa pesa, nikamwambia habari ya bweni, nikaleta kopo nikaliweka mbele yake. Ilikuwa laki moja na zaidi. Alizihesabu noti moja moja. Halafu akacheka.

Akasema, "Kumbe miezi yote hii nimekuwa nanunua mkate kwa mke wangu."

Nami nikacheka, mama. Nilidhani tumevuka.

Akainuka, akasukuma komeo la mlango, akaongeza sauti ya redio. Ngumi ya kwanza ilinipata kifuani, nikaangukia meza. Akanivuta kwa nywele hadi jikoni. Mashine ilikuwa inamalizia mkate wa jioni. Akafungua mfuniko, akachomoa kile chombo cha ndani kwa kitambaa, kikiwa cha moto na mkate ndani yake. Akaulaza mkono wangu wa kulia mezani, akaweka chombo juu yake, akaegemea kwa uzito wake kama mtu anayepiga pasi.

Akaniuliza unga kilo ni shilingi ngapi. Nikamwambia. Akaegemea. Akauliza hamira. Nikamwambia. Akauliza umeme wa mkate mmoja, nami sikujua kwa uhakika, nikataja ninachokumbuka, akasema nimepunguza, akaegemea tena. Alirudia hesabu yote tangu mwanzo. Hakupiga kelele hata mara moja. Aliuliza kama fundi anayeuliza bei ya spea.

Kilipopoa alivipinda vidole vyangu viwili vya mwisho kuelekea nyuma hadi vikalia.

Evelina alikuwa uani. Alirusha tofali dirishani, kioo chote kikamwagika ndani. Baba yake akatoka akampiga teke la tumbo, mtoto akalala chini anatafuta pumzi. Hapo ndipo jirani yetu Odeta alipoingia na mwiko wa ugali mkononi, na wapangaji wake nyuma yake. Mashimba akawaambia mke wake ameungua jikoni, akanikodia bajaji mwenyewe, akanishika kiuno hadi hospitali. Nilisema nimeungua na mafuta. Mashimba alikuwa amesimama pale. Muuguzi alitazama vidole, akanitazama mimi, akaandika kwenye cheti maneno ambayo sikumwambia.

Kesho yake Mashimba alileta nyama kilo tatu kwa ile pesa, akawaalika wenzake wa Kirumba. Nilipika kwa mkono mmoja.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Nakulaumu kidogo, mama, na nimeona heri niseme kuliko kukaa nalo.

Mkweo,
Prudencia


Kahangara
11 Juni 2023

Mwanangu,

Sina salamu ndefu. Nimesoma barua yako nimekaa chini jikoni hadi moto ukazimika.

Usinilaumu kidogo. Nilaumu kwa kipimo kinachostahili.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia padre. Mwaka Mashimba alipokuwa na miaka saba nilikuwa na mimba ya miezi sita. Tulikuwa shambani, tunachuma pamba. Nilikuwa nimenunua daftari za shule kwa mshahara wangu bila kumwuliza Ngosha. Alinipiga kwa mpini wa jembe mgongoni, na nilipoanguka alinipiga tumboni. Mtoto alitoka palepale kwenye mistari ya pamba, alikuwa wa kike. Mashimba alisimama karibu ameshika kikombe cha maji aliyokuwa amemletea baba yake. Aliyaona yote. Jioni akaniuliza, "Mama, baba amekufanyaje?" Nikamwambia nimeanguka. Nikamwambia baba yake ni mtu mzuri ila amechoka.

Nimewafundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka thelathini na minne. Wangu nilimfundisha hilo.

Nimempigia simu leo asubuhi. Nimemwambia najua, asiniulize kwa njia gani. Nimemwambia akikugusa tena mimi nitasimama mbele ya wazee wa ukoo na kumtaja. Alijibu, "Ndiyo mama. Sawa mama." Sauti yake ilikuwa tulivu na sikuipenda.

Kile cheti cha hospitali kitoe humo ndani. Mpe Odeta akutunzie. Na pesa yoyote utakayopata kuanzia leo, ifiche. Yale niliyokuandikia Februari yafute.

Mama yako,
Bernadeta


Kiseke
27 Agosti 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti halijambo? Watoto hawajambo. Vidole vyangu vimepona vikiwa vimepinda, ila kalamu vinashika.

Barua hii anaileta kondakta wa Hiace ya Magu, kijana wa kanisani kwetu, na nitakueleza kwa nini si Rose.

Baada ya simu yako Mashimba alikaa wiki tatu bila kunigusa wala kusema nami. Mashine aliitupa kwenye shimo la taka. Mkate sasa ananunua yeye dukani, anahesabu vipande kabla ya kutoka na anahesabu tena akirudi. Kikipungua kimoja anamwita Pius na kumtaka afungue mdomo amnuse. Mtoto amekataa kula mkate kabisa, anakunywa chai tupu.

Lakini Odeta aliifuata mashine ile shimoni. Mfuniko umepasuka, tumeuzungushia waya, inafanya kazi. Nikimaliza shughuli za asubuhi ninakwenda kwake, nakanda kwa ajili ya maduka mawili ya mtaa wa pili, na skonzi za watoto wa shule. Narudi kabla hajarudi, nimeoga ili nisinuke hamira. Pesa inakaa kwa Odeta pamoja na kile cheti. Simwambii mtu kiasi, hata wewe, unisamehe.

Sasa Rose. Mashimba alitaka kujua nani alikufikishia habari. Alianza na wale wote anaowajua wa Kahangara. Alhamisi alikwenda kwenye meza ya Rose pale Mwaloni, saa nne asubuhi, soko limejaa. Alimwuliza mara moja tu. Rose akasema yeye anauza dagaa, habebi maneno. Mashimba alimshika kichwa akakigonga kwenye ukingo wa mzani wa chuma. Meno matatu, mama. Watu walimvamia wakamtenganisha naye, akafuta mikono kwa gazeti, akarudi kwenye injini zake. Rose hakunitaja. Nilikwenda kumpa pole, hakuweza kuongea, akanipungia mkono niondoke haraka nisionekane.

Jana Mashimba alileta panga jipya nyumbani. Amesema ni la kukatia majani uani. Uani kwetu kuna sementi tupu.

Mkweo,
Prudencia


Kahangara
29 Agosti 2023

Prudencia,

Panda Hiace hii hii inayoleta barua. Njoo na watoto, cheti na pesa. Nguo ziache, sufuria ziache. Usimwage machozi kwa jirani yeyote isipokuwa Odeta. Ukifika hapa, nyumba ni yenu.

Najua ni mwanangu. Sihitaji kukumbushwa.

Bernadeta


Hospitali, Magu
Imetumwa Kamachumu, kwa Jovinary Rweyemamu
14 Oktoba 2023

Mwanangu Prudencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mlifika kwa kaka yako salama na kwamba wajukuu wamepata maziwa. Nasikia Kamachumu ni baridi, mfunike Pius kifua.

Ninaandika kwa sababu siwezi kuongea. Taya langu limefungwa waya. Usishtuke, namaliza uji kwa mrija na naendelea. Ninataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Uliponiacha ile Jumapili alfajiri, maana tulijua atawafuata kwangu, mmelala chini ya turubai la lori la dagaa la dereva Revocatus, nilifagia uwanja ili alama za miguu ya watoto zisionekane. Nilikwenda misa ya kwanza, nikarudi, nikakaa mlangoni kuchambua mchele. Mashimba alikuja saa nane mchana kwa pikipiki. Panga lilikuwa limefungwa kwenye gunia nyuma ya kiti.

Alinisalimia vizuri. Nikampa maji. Akaingia ndani bila kuomba, akatoka na kiatu kimoja cha Pius kilichosahaulika chini ya kitanda. Akakiweka kwenye ungo wangu, juu ya mchele. Akauliza, "Wamekwenda wapi?"

Nikamwambia walikuwepo, wameondoka, na mahali walipo sitamwambia.

Akasema, "Mke wangu ameniibia miezi mingi, na wewe mama yangu unamficha mwizi." Nikamjibu kwamba mwanamke hawezi kuiba mkate alioukanda mwenyewe. Hakunipiga papo hapo. Alinitazama, na mimi nikaona uso wa Ngosha, jinsi kidevu kilivyokuwa kikishuka kabla. Nilijaribu kusimama, goti likakataa. Alinipiga na kiatu kile cha mtoto kwanza, mara mbili, usoni. Halafu ngumi. Nilisikia taya likitoka mahali pake. Nilipolala akanipiga mateke ya mbavu, na kila teke aliuliza, wako wapi. Wako wapi. Kisha akaenda kwenye pikipiki kufungua gunia.

Hapo nilipiga mwano. Nilikuwa sijapata kupiga yowe hilo la kuita kijiji tangu nizaliwe. Hata siku ile ya pamba nilinyamaza. Sauti ilitoka pamoja na damu, na nadhani ilifika ziwani, maana wavuvi walioanika nyavu walikuja mbio na makasia yao. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walitokea pande zote, unawajua watu wa Kahangara. Alimkata mmoja wao mkono kwa panga, mtoto wa Mzee Kulwa, halafu wakamwangusha.

Walianza kumpiga. Marungu, makasia, mawe ya jiko langu mwenyewe. Mwanamke mmoja alimpiga kwa mchi. Nilisikia mfupa wa mguu wake ukivunjika kama kuni. Mtu akaja na petroli aliyoitoa kwenye pikipiki, akammwagia.

Prudencia, kulikuwa na namna moja rahisi ya kumwokoa. Kama ningesema nimeanguka, kwamba ni ugomvi mdogo wa mama na mwana, wangemwacha, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha wengi wao kusoma. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, nimeyazoea. Nilitambaa hadi pale nikalala juu yake, petroli ikaniingia machoni. Mwenye kiberiti akaniambia niondoke. Nikasema kwa taya lile lililovunjika, hivyo sijui walisikia vipi: "Amenipiga. Amemchoma mke wake. Ni mwanangu na amefanya, na sitaki afe, nataka ashtakiwe. Anayetaka kumwasha aniwashe na mimi."

Tulilala hivyo mpaka gari la polisi lilipofika. Chini yangu alikuwa anatetemeka, ananishika gauni kama alipokuwa mdogo.

Nimetoa maelezo kwa maandishi, kurasa nne. Wanakuhitaji wewe na cheti chako. Mto wa hospitali hauna foronya, lakini wauguzi ni wema.

Mama yako,
Bernadeta


Kamachumu, Muleba
3 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole, pole sana. Nimeandika barua hii mara tano.

Tumepokelewa. Kaka Jovinary ana maneno mengi kuhusu mahari na wanaume wa Kisukuma, lakini mkewe Specioza alimnyamazisha na kutupa chumba. Nauli yetu sote ilitoka kwenye pesa ya skonzi, na bado ikabaki. Hapa hakuna mashine. Naoka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya bati, na nimekuta watu wako tayari kuamka mapema kwa ajili ya mkate wenye maziwa.

Katika barua yako, nilipofika mahali wanapompiga marungu nilifurahi. Nataka ujue hivyo kabla hujaniita mwanao tena. Nilisoma sehemu ile mara mbili kwa furaha. Halafu nikafika ulipolala juu yake, nikatoka nje nikatapika kwenye migomba.

Evelina aliikuta barua na kuisoma, sikuificha vizuri. Aliniuliza jambo moja, kama bibi atapona. Juu ya baba yake hakuuliza.

Nitakuja kusema. Ninaogopa kumwona, ninaogopa hata kusikia kikohozi chake. Lakini nitakuja na cheti, na vidole vyangu hakimu atavitazama.

Mwanao, ukikubali bado,
Prudencia


Kahangara
9 Agosti 2024

Mwanangu Prudencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini nyote mpo salama hapo Buswelu mlikohamia na Odeta baada ya kesi, na kwamba yeye haoni mzigo kuwa na familia mbili katika ua mmoja. Nimefurahi kusikia mmepata jiko kubwa la kuokea na kwamba Pius amekula mkate. Usimsifie anapokula, atajishtukia.

Tangu siku ya hukumu sikupata nafasi ya kukaa nawe. Hakimu alipomaliza kusoma ulitoka nje ukakaa kwenye ngazi, nami nilikuwa nimezungukwa na shemeji yangu Malimi, nduguye Ngosha, na wenzake wa ukoo. Walikuwa wananiuliza ni mama gani anayempa mwanawe miaka mitano kwa mdomo wake. Baadaye walikuja kuchukua ng'ombe wote sita wa Ngosha, wakasema mwanamke aliyeuza damu hawezi kula maziwa ya ukoo. Mwezi uliopita walivunja mlango wa jiko, na juzi mtu amepaka kinyesi kwenye ukuta wa sebule. Uwanja nafagia mwenyewe. Jirani pekee anayekuja ni Rose.

Ulinialika nije kuishi nanyi. Nimekaa na mwaliko huo wiki sita kwa sababu kuna jambo sijakuambia, na sitaki kuingia nyumbani kwako nikiwa nalo chini ya kitenge.

Ninakwenda gerezani kumwona Mashimba. Mara ya kwanza alikataa kutoka. Mara ya pili alikataa. Mara ya tatu alitoka, anaburuta ule mguu, amekonda, nywele zimenyolewa. Alikaa upande wake wa waya akasema, "Umenifunga mwenyewe." Nikasema ndiyo. Akasema, "Huoni hata aibu." Nikamwambia naona, lakini si kwa ajili ya hilo. Muda ulipokwisha alichukua sabuni na sukari, hakushukuru. Mwezi uliofuata nilikwenda tena, na huu pia nitakwenda.

Sijamsamehe, kama unauliza. Taya likipata baridi usiku silali. Na sikuombei umsamehe, wala sitasema neno lake kwa wajukuu. Lakini nilimzaa, na hakuna mwingine anayekwenda. Malimi na wenzake wanaompenda sana hawajakanyaga pale hata siku moja.

Kutoka Buswelu ni karibu zaidi kwenda huko kuliko kutoka hapa. Sitaki udhani ndiyo sababu ninayotaka kuja. Sitaki pia kukudanganya kwamba sikuliwaza.

Ukisema hapana, nitabaki hapa na nitaendelea kuwa mama yako kwa barua.

Bernadeta


Buswelu, Mwanza
31 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Nilipokea barua yako Jumatano na niliunguza mikate kumi na minne siku hiyo. Nilimwambia Odeta kwamba umenisaliti. Odeta akaniuliza nilitaka umfanyeje, ungeacha wamchome? Tulikanda wote wawili hadi unga ukaisha.

Wiki ya pili nilikuwa bado na hasira. Nilitaka uwe wangu peke yangu. Nilitaka uwe umemkata kama nilivyomkata mimi, ili nijue kwamba nilichosema mahakamani kilikuwa kweli kwa watu wawili. Halafu Evelina akanikumbusha, bila kujua anakumbusha nini, kwamba bibi ndiye aliyeandika kurasa nne na taya limevunjika.

Chumba chako ni kile cha mwisho, karibu na bomba. Nimekipiga chokaa. Kitanda ni cha chini kwa ajili ya goti. Revocatus amekubali kuleta vitu vyako Jumamosi ijayo, na Rose atakuja naye kukusaidia kufunga. Usigombane na akina Malimi siku hiyo, funga mlango tu uondoke.

Siku ya kwenda gerezani utaniambia mapema nikupikie cha kubeba njiani. Nitapika kwa ajili yako. Yeye mnunulie sukari mwenyewe. Nenda, mwone, kaa naye muda wote wanaokupa. Ukirudi utakuta maji ya moto na chakula, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.

Ila salamu zake usiniletee.

Mwanao,
Prudencia